Kilo 510 peke yake hazinitoshi

Niweke msimamo wangu wazi kabla hatujafika mbali: mimi ni wa Mariusz Pudzianowski, yule Mpolandi bingwa wa mashindano ya watu wenye nguvu duniani, na sitaki kusikia habari ya mtu kunyanyua chuma akakirudisha palepale alipokikuta, halafu watu waniambie ati huyo ndiye mwenye nguvu kuliko wote duniani. Najua nitatukanwa. Barazani kwetu hapa Langoni, Lamu, nishatukanwa sana kwa hili, na walionitukana wengine ni watu ninaowakopesha simiti, kwa hivyo matusi ya mtandaoni hayanipi homa.

Maneno yalipamba moto Septemba 2025, pale Hafþór Björnsson, yule pandikizi la mtu wa Aislandi wanayemuita Thor, alipovuta kilo 510 kule Birmingham, Uingereza. Kwa asiyefuatilia: hiyo inaitwa dedilifti, chuma kiko chini, unakiinamia, unakivuta mpaka umesimama wima magoti na nyonga zimenyooka, unangoja refa akupe ishara, unashusha. Basi. Na mbio za hiyo rekodi zimekuwa tamthilia kabisa, manake Eddie Hall Muingereza alivuta 500 mjini Leeds mwaka 2016, mtu wa kwanza kufika hapo, damu ikamtoka puani watu wakadhani amekwisha, kisha Thor akavuta 501 Mei 2020 wakati wa korona, kwenye jimu yake mwenyewe kwao, refa akiwa Magnús Ver Magnússon aliyekuwa bingwa wa dunia mara nne, Hall akachukia, akasema rekodi huwekwa mashindanoni sio nyumbani kwa mtu, na uhasama ule ukaenda kuishia ulingoni Dubai Machi 2022, wakavaa glavu wakapigana ngumi kweli, Thor akashinda. Baadaye akavuta 505 Ujerumani, halafu ndio hiyo 510.

Vijana wetu wa jimu wakaniletea klipu dukani kama wameleta hati ya shamba. "Ishaisha hiyo, kaka. Funga faili."

Sasa pale dukani alikuwepo ami mmoja, hamali wa siku nyingi, mtu mwembamba ukimuona utadhani upepo wa kusi utamchukua. Akaomba simu, akaangalia klipu, akairudisha nyuma akaangalia tena, mato yamekaza. Kisha akauliza swali moya tu:

"Na alipolinyanyua, amelipeleka wapi?"

Vijana wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Lile swali ndilo nililokuwa nalitafuta miaka yote hii nikibishana na watu bila kupata maneno yake.

Manake mimi kazi yangu ni kuhesabu mizigo. Duka la vifaa vya ujenzi kwa mji kama Lamu sio kama la Mombasa ambapo lori linarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Hapa kila kitu kimepita majini, simiti, mabati, nondo, mawe ya Manda, na kutoka majini mpaka site ni mabega ya watu na migongo ya punda na rukwama pale njia inaporuhusu, na vichochoro vyetu mnavijua, viko ambavyo watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibanze ukutani. Kwa hivyo kila siku niko na karatasi na kalamu naangalia watu wakibeba, na nikirudi nyumbani usiku naangalia watu wakibeba kwenye YouTube, mke wangu ashanambia nina maradhi.

Hebu ndoo siku moja asubuhi maji yakiwa yametoka, chombo kimekaa chini kuliko gati, ubao umewekwa kutoka chomboni kupanda juu. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Hamali anainama, mwenziwe anamtupia mfuko wa kwanza begani, wa pili unalala juu yake, anasimama. Hapo ndipo dedilifti inaishia, si ndio? Kwake yeye kazi haijaanza. Anaingia ubaoni, na ule ubao unadunda, ukishuka kisha unarudi juu, na mgeni wa kazi huwa anakanyaga pale unaporudi, unamrusha, simiti majini na yeye nyuma yake. Mzoefu anapiga hatua fupifupi za haraka, nyayo haziinuki sana, magoti hayanyooki kabisa, kichwa hakicheziki, anauwahi ubao kabla haujaamua. Juu gatini hapumziki, akisimama mzigo unamlemea zaidi, anakwenda moja kwa moja mpaka store akipiga kelele watu wapishe njia.

Sasa chukua klipu ya yoki. Ile fremu kubwa ya chuma wanaibeba mabegani, kilo mia nne na zaidi, wanakwenda nayo mita ishirini hivi au thelathini. Angalia miguu yao. Hatua fupifupi za haraka, nyayo haziinuki sana, manake fremu ikianza kubembea kushoto kulia imekumaliza, utaiweka chini utake usitake. Nilipoona hilo mara ya kwanza nilipiga ukelele peke yangu chumbani. Mtu wa kilo mia na sabini kule ng'ambo na ami wa kilo sitini hapa gatini wamefundishwa kitu kilekile na mzigo, hawajawahi kuonana.

Lakini niwe muadilifu. Wale vijana walikuwa na jibu zuri kuliko hiyo 510, sema walikuwa wamelikalia, mpaka mmoja wao siku ya pili akarudi nalo mbio. Mwaka 2015 kule Norwe huyuhuyu Thor alibeba gogo la urefu wa mita 10, uzito kilo 650 hivi, mabegani, akatembea nalo hatua tano. Kisa chake ni kuwa kuna hadithi yao ya kale ya jamaa anaitwa Orm Storolfsson, alibebeshwa mlingoti wa jahazi kubwa la mfalme, watu wengi wakasaidiana kumpandishia, akaenda hatua tatu mgongo ukavunjika, na toka hapo hakuwa mtu tena. Thor akaongeza mbili na mgongo wake mzima.

Mlingoti! Hapo ami akakaa sawa. Milingoti anaijua, ashabeba, lakini mlingoti wa jahazi hapa hubebwa na kundi la watu na mtu wa kupiga wimbo mbele, hakuna mwenda wazimu wa kujitwika peke yake. Akaitazama ile klipu kimya kimya, akasema, "Hatua tano ni hatua tano. Huyo namkubali." Kijana akasema si nilikwambia, ami akamwambia hukuniambia hili, jana uliniletea lile la kunyanyua na kuweka.

Ndio maana nasema ugomvi wangu sio na Thor. Thor anatembea. Mwaka 2018 alichukua World's Strongest Man (WSM), yaani mashindano ya mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani, kule Manila, akachukua mashindano ya Arnold kule Ohio, akachukua na ya Ulaya, zote mwaka mmoja, hakuna aliyewahi kabla yake. Ugomvi wangu ni na watu wanaoacha yote hayo kabatini wakaja na namba moja ya dedilifti kwa sababu namba ni rahisi kukariri.

Hapa naomba mnivumilie nieleze WSM inavyokwenda, manake nusu ya watu wanaobishana hawajawahi kukaa kuielewa. Ilianza 1977 kule Marekani, bingwa wa kwanza Bruce Wilhelm. Miaka ya karibuni wanaingia watu 25, makundi matano, wanachujwa mpaka kumi wa fainali. Fainali kuna michezo kadhaa, kubeba, kuvuta lori au basi, kusukuma gogo juu ya kichwa, dedilifti ya aina fulani, na mwisho kwa kawaida yale mawe matano ya mviringo yanayoitwa mawe ya Atlas, kila jiwe zito kuliko lililotangulia, unalikumbatia unaliweka juu ya kituo chake. Kila mchezo wa kwanza anapata pointi 10, wa pili 9, hivyohivyo mpaka wa mwisho 1, wakifungana wanagawana. Mwisho unajumlisha.

Malalamiko makubwa ya watu ni kuwa huu mtindo hauangalii umeshinda kwa kiasi gani. Ukimshinda mwenzio kwa kidole au kwa maili, ni pointi moja tu ileile. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa mnyama wa kutisha kwa michezo miwili, akaachia wengine wote mbali, halafu akashindwa na mtu ambaye hakuwa wa kwanza popote lakini kila mahali yuko wa pili wa tatu. Watu wa dedilifti wanaona hii ni dhulma. Mimi naona ndio utamu wenyewe. Mwenye nguvu kuliko wote halafu hawezi kubeba? Hawezi kushika? Akikimbizwa mita hamsini anashika kiuno? Pointi zinakuuliza swali la ami kila mchezo, zinakutafuta pale ulipo dhaifu. Mwaka 2025 pale Sacramento, Rayno Nel wa Afrika Kusini alimshinda Tom Stoltman kwa nusu pointi, nusu! Stoltman ambaye kwa mawe ya Atlas wanamuita mfalme na tayari alikuwa na mataji matatu, 2021, 2022 na 2024. Nel alikuwa injinia wa umeme aliyetoka kwenye raga, ndio mara yake ya kwanza kutia mguu WSM, akawa Muafrika wa kwanza kulibeba lile taji. Nusu pointi maana yake mahali fulani kwenye mchezo fulani ambao hakuna anayeukumbuka, mmoja wao alifunga mwendo kidogo na mwenziwe hakufunga. Hiyo haitokei kwenye rekodi ya dedilifti.

Marefa ndio tatizo lingine lakini hilo nalipita haraka, mpira wote wa dunia una marefa. Gaborone, Botswana, 2017, kwenye mchezo wa kusukuma uzito juu ya kichwa walimnyima Thor rep moja, yaani hawakumhesabia msukumo mmoja, walisema alikunja magoti mara mbili, na mwisho wa mashindano Hall akamshinda kwa pointi moja. Mpaka kesho kuna watu hawajasamehe. Mimi nishaitazama ile klipu sana na mawazo yangu hubadilika kulingana na nani nimekaa naye.

Turudi kwa mtu wangu sasa.

Ubishi mkubwa wa huu mchezo, ule wa kuwatoa watu barazani bila kuagana, ni Pudzianowski na Žydrūnas Savickas. Mpolandi na Mlithuania. Pudzianowski ana mataji matano ya WSM, 2002, 2003, 2005, 2007, 2008, hakuna mwenye mengi kuliko hayo. Savickas ana manne, 2009, 2010, 2012, 2014, lakini ana Arnold nane, na Arnold yenyewe imeanzishwa 2002 kule Columbus kwa jina la Arnold Schwarzenegger, wa kwanza kuichukua alikuwa Mark Henry, ndio, huyohuyo wa mieleka mnayemjua. Arnold ni mizigo mizito kupita kiasi na mwendo kidogo. WSM ni mizito pia lakini lazima ukimbie nayo.

Watu wa Savickas hoja yao ni hii na ni hoja kweli: kati ya 2005 na 2008 kulikuwa na mpasuko, shirika la IFSA lilichukua wachezaji wengi wakubwa likawa na mashindano yake, na Savickas akawa upande huo, kwa hivyo Pudzianowski alichukua mataji matatu mwenye nyumba hayupo. Aliporudi Savickas 2009, akashinda, Pudzianowski wa pili. Faili imefungwa.

Haijafungwa. 2002 Pudzianowski wa kwanza, Savickas wa pili. 2003 vilevile, Pudzianowski wa kwanza, Savickas wa pili. Walikutana ana kwa ana kabla ya huo mpasuko na tukaona. Na 2004, nisifiche, mtu wangu alifutwa kwa kukutwa na dawa, Vasyl Virastyuk wa Ukraine akawa bingwa na Savickas akawa wa pili tena. Hiyo 2004 ni doa na siitetei. Lakini mnaosema dawa dawa, baadhi ya mabingwa wengine wakubwa wamesema hadharani kwa vinywa vyao kuwa wametumia, kwa hivyo ukitaka kuchuja kwa dawa hakikisha chujio lako halichagui jezi.

Kinachonivutia kwa Pudzianowski ni umbo. Kilo mia na arobaini na kitu, miraba minne, misuli imechorwa, pembeni ya watu wenye kilo mia sabini na mia themanini wenye matumbo kama ya mashua. Akibeba vile vyuma viwili vya mikononi, fama woki, anakwenda mbio kabisa, mbio za mtu anayewahi boti ya Mokowe. Savickas akibeba anatembea kama mtu mzima mwenye heshima zake. Kwa kusukuma gogo juu Savickas ni mwingine kabisa, alifika kilo 228, hapo Pudzianowski haingii. Kwa hivyo wewe ukiniuliza nani ana nguvu nyingi zaidi mwilini, huenda ni Savickas. Ukiniuliza nitamuita nani jahazi likiwa limefika na maji yanatoka, sihitaji kufikiri.

Na hili sio wazo la watu wa pwani tu. Huko Aislandi, ambako ndiko wametoka Thor na Magnús Ver na Jón Páll Sigmarsson, bingwa wa zamani wa WSM, kuna ufuo unaitwa Djúpalónssandur, na pale kuna mawe manne ya zamani ya wavuvi wa Dritvík. Kubwa kilo 154, linaitwa jina lenye maana ya mwenye nguvu kamili, halafu kilo 100, halafu 54, halafu dogo 23 ambalo jina lake ni la kumdharau aliyeishia hapo. Mtu akitaka kazi ya kupiga makasia alikuwa anapimwa pale, akishindwa kuliweka lile la 54 juu ya mwamba hapati nafasi chomboni. Nahodha hakuwa na haja ya kujua nani bingwa wa dunia, alitaka kujua nani atamsaidia bahari ikichafuka. Nilipomsomea ami habari hii akasema hao ni watu wenye akili, na hapa pia tungefanya hivyo, tungepunguza watu wanaopanda chomboni kuja kulala.

Wana na jiwe jingine, la Húsafell, kilo 186, lilikuwa la kufungia mlango wa zizi la kondoo. Hilo sharti lake sio kulinyanyua tu, unalikumbatia kifuani unazunguka nalo zizi. Mpaka leo mashindanoni wanatumia la kuigiza lenye umbo kama lile na wanapima umeenda mita ngapi. Mnaona? Umelipeleka wapi.

Sasa kuna watu huniuliza kwa nini sisi hatumo, na mashindano yenyewe yashakuja Afrika mara nyingi, yamefanyika Moroko, Morisi, Afrika Kusini, Zambia pale Maporomoko ya Victoria, Botswana. Kuja yalikuja, tukabaki kuwa mandhari ya nyuma, twiga na machweo. Kabla ya Nel aliyetufungua macho alikuwa Iron Biby wa Burkina Faso, jina lake Cheick Ahmed al-Hassan Sanou, ambaye 2021 mjini Glasgow alisukuma gogo la kilo 229 juu ya kichwa akaipita ile 228 ya Savickas. Jamaa mwenyewe utotoni alikuwa anachekwa kwa unene. Siku ile nilikuwa na kundi la WhatsApp lenye watu wa Malindi na Mombasa, watu hawakulala, mpaka watu wa Savickas walishangilia halafu wakakumbuka.

Lakini kwa upande wetu huu mimi naona kizuizi sio nguvu, ni sahani. Hawa watu wanakula kama arusi iko kwao kila siku, nyama, mayai, wali, tena, tena, halafu mafuta ya gari ya kwenda jimu yenye vyuma vya maelfu. Hamali wetu anapiga kazi kuanzia alfajiri kwa mahamri na mbaazi na chai ya rangi. Mwili unajifunza kubeba bila kuongezeka, hauna cha kuongezea. Na afya pia, tusiione raha tu, Jón Páll alikufa Januari 1993 kwenye jimu yake akifanya hiyohiyo dedilifti, moyo ukasimama, ana miaka 32. Eddie Hall alichukua taji lake moja 2017 akaacha WSM, alisema mwili ule utamuua. Punda hapa Lamu ana kituo chake cha matibabu, kipo toka miaka ya themanini, na ukimzidishia mzigo kuna watu watakuuliza. Hamali hana wa kumuulizia. Mgongo ukimuuma ni mafuta ya simsim na dua.

Wa kuwapa matumaini watu wazima ni Mark Felix. Mzaliwa wa Grenada wa mwaka 1966, akaishi Uingereza, kazi yake fundi wa plasta. Akaingia huu mchezo umri ambao wengine wanastaafu, na alishindana WSM akiwa ashapita miaka 50, akishikana na watoto wa wenzake. Kwa kushika hakuna wa kumbandua, vidole vyake ni koleo. Mafundi wa plasta wa Mkomani nilipowaonyesha hawakushangaa hata kidogo. Mmoja alinyoosha mkono wake akanambia shika hapa, nikashika kiganja, akafunga, nikaomba msamaha.

Basi kutokana na kelele zote hizi kumezuka wazo la kufanya yetu, pale Mkunguni mbele ya ngome, siku za tamasha wageni wakiwepo. Tayari tuna mbio za punda na za mashua na za kuogelea, kwa nini tusiwe na ya wabebaji. Pendekezo la vijana ni dedilifti kwanza, bila shaka. Pendekezo letu ni simiti mifuko miwili kutoka chomboni mpaka Mkunguni, boriti begani, mashua kuvutwa na kamba mchangani maji yakiwa mbali, na jiwe la Manda kupandishwa barazani. Tumekubaliana dedilifti iwemo, mchezo mmoja kati ya mitano, pointi zilezile kama michezo mingine. Vijana walinuna wakakubali.

Tulipokwama ni kwenye vifaa. Kwa wenzetu dedilifti ya strongimani, yaani huu mchezo wetu, inaruhusu mikanda ya kufunga mkono kwenye chuma na ile suti ya kubana, na kwa pawalifti, ule mchezo wa kunyanyua vyuma tu bila kutembea navyo, mikanda hairuhusiwi kabisa, ndio maana watu wa pawalifti wanaidharau 510. Kwa mawe ya Atlas wanajipaka ulimbo mikononi mpaka kwenye vifua. Vijana wakasema sawa, na sisi mikanda iruhusiwe kwa dedilifti. Ami akasema sawa, basi na kata iruhusiwe kwa simiti, ile ya kitambaa ya kuweka kati ya mzigo na mwili. Vijana wakaruka, ati kata ni msaada. Ami akawauliza na mkanda ni nini, mapambo? Hapo kikao kilivunjika watu wanapiga kelele wote pamoja na muadhini akatuokoa.

Kura yangu nishaiandika kwenye karatasi nikaibandika mlangoni mwa duka: kata iruhusiwe, ubao usibadilishwe, na atakayedondosha mfuko arudi chomboni aanze upya. Anayepinga aje na sababu, na aje na deni langu.